Shefu de Gare na Reli ya Baba

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Daftari jipya. Naandika kwa siri. Kuna mambo ambayo mwanamume hawezi kuyasema hata kwenye kitubio.

Mimi, Chrispin Monga, ndiye mpiga reli wa kanisa letu dogo la mtaa hapa Kamina. Hatuna kengele. Tuna kipande cha reli, urefu wake kama mtoto wa miaka mitano, ambacho marehemu baba alipewa alipostaafu kazi ya gari moshi. Alikitundika mwenyewe kwa waya mbele ya kanisa, kwenye boriti kati ya nguzo mbili. Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, nakipiga kwa nyundo mara kumi na mbili. Misa, foleni ya bomba, shule, shamba: vyote vinanisubiri mimi!

Sasa siri. Sina saa. Simu yangu ilianguka ndani ya sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, miaka miwili iliyopita na haikufufuka. Anayeniamsha ni ndege.

Ni shore, yule wa kila bustani. Mwili wa rangi ya udongo, kichwa cheusi, na chini ya mkia ana manjano kama aliyekalia kiini cha yai. Kile kichwa ni kofia ya shefu de gare, mkuu wa stesheni wa zamani, kama baba alivyokuwa akinisimulia, imeshushwa mpaka machoni. Kwa hiyo namwita Shefu. Hukaa juu ya mpapai nyuma ya dirisha langu, saa kumi na moja hivi, kabla ya ndege wengine, na kuanza: maneno manne matano, yale yale, kwa sauti nene. Naamka, navaa, navuka barabara, napiga. Sijakosea hata siku moja.

Abbé Matthias, padri wetu, alinitaja katika mahubiri kuwa mfano wa mtu anayekesha. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Dorothée, mke wangu, ambaye anajua kila kitu, alinikanyaga mguu.

Habari kubwa ni hii. Jumapili tarehe 26 ni sikukuu ya kanisa letu. Monsinyori anakuja kutoka Bukama. Siku hiyo kamati itamtangaza mpiga reli wa kudumu mbele ya watu wote, na atavishwa shati la kitambaa cha sikukuu, kijani na dhahabu, uso wa mtakatifu tumboni na mwingine mgongoni. Nimekiona kitambaa. Nataka kuzikwa nacho.

Mshindani yupo. Mama Albertine Likoke, mke wa ajida mmoja, mwanajeshi wa kambi ya kule base. Ametoka mkoa wa Équateur, amepanga hapa mtaani tangu mwaka jana, anakaanga maandazi, anaamka saa kumi. Ana simu inayowika kama jogoo. Amewaambia wanakamati kwamba kazi ya saa inahitaji saa. Uchochezi mtupu!

Jumatano, 8 Oktoba

Shefu ameoa. Leo nimemwona yeye na mkewe wakibeba vijizizi, majani makavu, na uzi mwekundu ambao ni wa kofia ya Dorothée. Nilifurahi sana. Wanajenga! Nikawafuata polepole nione ni mti gani wa bustani yangu umepata bahati hiyo.

Wakavuka barabara. Wakaingia kwenye bugenvilia ya kanisa, ile iliyofunika nguzo na boriti. Kiota kiko kiganja kimoja na nusu kutoka reli ya baba.

Kamina nzima hawakuona mahali pengine!

Nilipopiga leo asubuhi, pigo la kwanza tu, Mama Shefu alichomoka kama jiwe la manati. Wote wawili wakapanda juu ya bati la jirani yangu Tshibangu wakanitukana mpaka mwisho wa mahubiri. Shore akikasirika huongea haraka haraka, kwa ukali, wala mkalimani hahitajiki. Nilikaa kanisani nimeona haya kweli.

Dorothée anasema niihamishe reli. Eti ni waya tu, na upande wa pili wa ua kuna nguzo nzima haina kazi. Nikamweleza kwamba baba aliitundika pale kwa mikono yake. Akasema basi ninunue saa. Nimeona nisiendelee na mazungumzo, maana mambo ya urithi si kila mtu anayaelewa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa! Shefu ameacha mpapai wangu. Sasa anaimba kule kanisani, karibu na mkewe, na kutoka kitandani simsikii. Nimelala!

Aliyeniamsha ni Mama Albertine. Alisimama mlangoni na kijiko chake cha kuopolea maandazi kikidondosha mafuta kwenye kizingiti. Aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi sokoni: “Papa Chrispin, weye ulikufa ao uko unalala? Bantu beko banakungoya!”

Nilimjibu kwamba nilikuwa katika sala ya kimya. Aliangalia shavu langu, ambalo lilikuwa na michoro yote ya mkeka ninaoutandika kitandani.  Akageuka na kijiko chake akaenda zake.

Nimepiga saa kumi na mbili na robo. Katika historia ya reli ile, haijawahi kutokea.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nina mpango. Papai! Shore anapenda papai kuliko roho yake. Nikitundika papai lililoiva dirishani, Shefu atakuja alfajiri kula, atashiba, ataimba, nitaamka. Nashangaa sikulifikiria jana. Nimekata lile kubwa lililokuwa jikoni.

Baadaye. Walikuja saa sita mchana. Si Shefu. Shore wa mtaa mzima! Kumi na mmoja, halafu nikaacha kuhesabu. Wakala wakigombana, wakatikisa mbawa, wakafukuzana, wakarudi. Waliposhiba walikaa juu ya kamba ya nguo, wakajisaidia juu ya shuka nyeupe zilizoanikwa.

Sikujua kwamba papai lile lilikuwa la akina mama wa kikundi cha sala wanaokutana kwetu leo. Sikujua pia kwamba zile shuka ni za Abbé Matthias, Dorothée anamfulia. Nimejulishwa yote mawili kwa pamoja.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikupata usingizi kwa hofu, kwa hiyo nimepiga kwa wakati. Mama Shefu alikimbia tena. Nikapanda juu ya benchi nichungulie.

Mayai mawili! Madogo, rangi ya waridi, yamejaa madoadoa ya zambarau. Kiota chenyewe chembamba, unaona mwanga kupitia chini. Nilisimama pale nikasahau kushuka. Nina miaka hamsini na minne, nimezika wazazi wote wawili, na machozi yalinilenga kwa ajili ya mayai mawili ya ndege. Sikujua kama niko hivyo.

Tshibangu, ambaye ni rais wa kamati na anajifanya kujua kila kiumbe, anasema shore huatamia wiki mbili hivi. Nikahesabu kwa vidole. Tarehe 26! Siku ya Monsinyori!

Nikipiga, mama anakimbia na mayai yanapoa. Nisipopiga, shati linakwenda kwa Mama Albertine. Bwana, umenipa mtihani gani huu?

Jumatatu, 13 Oktoba

Nina mpango mwingine, na huu hauna kasoro. Una sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: nimelala kwenye mkeka chini ya ukingo wa bati la kanisa, karibu na Shefu. Dorothée nimemwambia ni novena, sala ya siku tisa. Sehemu ya pili: nimeivalisha nyundo soksi. Soksi ya sufu, nzito, ambayo pea yake ilipotea.

Shefu aliimba, nikaamka, nikapiga kumi na mbili. Mama Shefu hakutikisika! Aligeuza jicho moja tu akaniangalia, akatulia. Nilitamani kumpa mkono.

Tatizo ni kwamba sauti haikufika hata kwenye lango. Misa ilihudhuriwa na Mama Albertine na mzee mmoja asiyesikia, ambaye huja kwa mazoea. Baada ya baraka Mama Albertine alimwuliza Abbé, mimi nikiwa pale pale, kama leo reli ilikuwa inawaita siafu.

Jumatano, 15 Oktoba

Aibu. Naandika ya jana kwa sababu jana sikuweza.

Jana mchana kulikuwa na munkoyo kwa jirani wa nyuma. Munkoyo wa siku moja ni kinywaji cha watoto. Huu ulikuwa wa siku nne. Nilikunywa vikombe vinne, kwa heshima. Saa tisa nikaenda kwenye mkeka wangu wa novena kupumzisha macho.

Nikaamka ghafla. Shefu anapiga kelele juu ya kichwa changu! Mbingu nyekundu pembeni! Kaubaridi! Nikaruka na kiatu kimoja, nikaivua nyundo soksi, nikamwomba Mama Shefu radhi, nikapiga kumi na mbili kwa nguvu zote. Kisha nikaongeza sita, kufidia Jumatatu.

Sasa, mtu yeyote anajua kwamba shore hupiga kelele mara mbili kwa siku. Alfajiri, na jioni kabla ya kulala, wakigombania matawi. Mimi mwenyewe najua. Lakini ni nani anayejiuliza maswali kama hayo akiwa amekurupuka?

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Jirani wa nyuma aliwavisha wajukuu watatu sare za shule, nao wakalia kwa sababu walikuwa wametoka kuogeshwa walale. Bombani kulipangwa foleni. Tshibangu, ambaye analinda depo usiku na kulala mchana, na usiku huo alikuwa na mapumziko, alichukua jembe lake akashika barabara ya Bukama kwenda shambani. Akawakuta watu wanarudi, akawasalimia wote kwa salamu za asubuhi. Alitembea karibu saa nzima huku akishangaa kwa nini leo jua linachelewa, mpaka akashindwa kuliona jembe mkononi mwake.

Abbé Matthias alitoka nyumbani kwake na tonge la bukari mkononi. Akaangalia mbingu, akaniangalia mimi, akaniuliza kwa upole: “Chrispin, ile njo asubui ya siku gani?”

Nikasema ni mazoezi ya sikukuu. Nilisema haraka na nilisema vizuri, hata mimi karibu niamini. Mama Albertine akatoka nyuma ya watu, akauliza kama Monsinyori ataombwa naye avae kiatu kimoja.

Nilibaki pale mpaka Mama Shefu aliporudi kwenye mayai. Nilimwomba msamaha kwa Kiluba. Mambo mazito siyasemi kwa lugha nyingine.

Alhamisi, 16 Oktoba

Dorothée amesema neno moja tu leo: “Saa.”

Jumamosi, 18 Oktoba

Kamati imekaa. Tshibangu aliongoza, miguu yake miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi, na kila alipotaja jina langu aliitazama miguu.

Mama Albertine alisema yeye hana chuki na mimi wala hataki ugomvi, anasikitika tu. Alisema: “Minyi sitaki palabre. Lakini bantu banapenda kujua kama ni asubui ao ni mangaribi.” Watu wakacheka. Hata Abbé, ingawa alijifanya anakohoa.

Nilisimama nikatoa hotuba kuhusu baba yangu, gari moshi, na uaminifu. Nadhani iliwagusa. Mzee asiyesikia alipiga makofi.

Uamuzi: wiki inayokuja, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa atapiga Mama Albertine. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nitapiga mimi. Atakayeamsha mtaa vizuri zaidi ndiye wa kudumu. Wanafikiri shida yangu ni shati peke yake. Ule mkono wake wa kukandia unga! Ukishika nyundo, Mama Shefu atakimbia mpaka Mulongo na hatarudi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nilijificha nyuma ya ukuta wa kanisa, tayari kupiga kelele za msiba ikibidi.

Simu yake ikawika. Saa kumi na moja na nusu kamili, siwezi kukana. Akaja, akainua nyundo juu. Mama Shefu akamwangalia. Mama Albertine akamwangalia Mama Shefu. 

Kisha akaishusha nyundo. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaiegemeza kwenye nguzo bila kutoa hata mlio. Akachomoa kijiko chake kiunoni, akaenda nyumba kwa nyumba akigonga milango taratibu na kunong'ona: “Bantu, muamuke polepole. Ndeke iko analala pa mayai.”

Nilibaki nimekaa chini. Halafu nikakasirika sana. Yule ndege ni wangu! Nimemjua miaka miwili, nimempa jina, nimeharibu shuka za padri kwa ajili yake! Huyu mama anakuja mwisho na kijiko, naye anamhurumia?

Jumanne, 21 Oktoba

Zamu yangu. Sikupiga. Nimegonga milango, tena vizuri zaidi kuliko yeye, kwa mpini wa nyundo. Watu wote walifika Misa.

Mama Albertine alikuwa kwenye kona na karai lake. Aliniona. Nikamwona. Tulijifanya tunaangalia hali ya hewa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mashindano yamekuwa makali. Jana, siku yake, niligonga milango ya upande wangu “kumsaidia.” Leo, siku yangu, naye akanisaidia. Kila nyumba imeamshwa mara mbili. Nyumba ya Tshibangu mara tatu, na mara ya tatu mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka depo na kufumba macho. Ametoka nje na shuka akasema maneno ambayo rais wa kamati hapaswi kuyajua.

Lakini jambo lenyewe la leo ni lingine. Nilipogonga kwa Abbé, alifungua mara moja. Ameshanyoa. Ameshavaa. Simu iko mkononi, inawaka. Nikamwuliza amejuaje saa. Akanishangaa: “Chrispin, kila nyumba iko na telefone. Bote banaamuka ku telefone.”

 Nikamwuliza, basi siku zote hizi, mimi ninamwamsha nani?

 Akasema hakuna. Watu wakishaamka hubaki wamelala, kimya, wanasikiliza. Reli ikilia, mume anamwambia mke, au mke anamwambia mume: “Papa Chrispin iko muzima.” Ndipo wanainuka. Akasema walikuwa wanafanya hivyo hata wakati wa baba.

Nilimwambia moshi wa maandazi umeniingia machoni. Ni kweli upepo ulikuwa unatoka upande huo.

Nimerudi nyumbani nikakaa. Nilitaka shati. Bado nalitaka, siongopi. Lakini sasa natamani zaidi kupiga reli ile, hata mara moja, watu waseme lile neno lao.

Jumapili, 26 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu. 

Tshibangu alikuwa ameamua kwamba kwa kuwa hakuna aliyeshinda, tusimame wote wawili mbele ya reli leo, na mwenye ujasiri apige. Monsinyori aliahidi kufika saa kumi na moja na nusu hasa, asikie reli maarufu ya Kamina. Hakuna kugonga milango leo.

Saa kumi na moja na robo tulikuwa pale. Mama Albertine na gauni la sikukuu. Mimi na suruali iliyopigwa pasi. Nyundo katikati yetu, chini. Mama Shefu juu, amekaa. Hakuna aliyeinama kuichukua.

Nikamwambia achukue yeye, ndiye mwenye simu. Akasema simu imezimika tangu jana, umeme haukuwepo kwenye kibanda cha kuchaji. Akasema nichukue mimi, reli ni ya baba yangu. Nikasema wageni kwanza. Akasema yeye si mgeni tena, ana mwaka mzima hapa. Kwa mara ya kwanza nilimwona anataka kulia. Akaniambia kwamba wiki ya kwanza alipofika, mume yuko base, hamjui mtu, ndege huyu alikuja kuokota makombo ya maandazi karibu na miguu yake kila asubuhi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumzoea.

Kwa hiyo Shefu alikuwa anakula kwake na kuimba kwangu! 

Ghafla Shefu akaanza kupiga kelele. Si wimbo. Ni zile kelele za matusi, lakini kali mara kumi. Shore wakaja kutoka kila bustani, wakajaa juu ya bugenvilia, mbawa wazi, wanapaaza sauti wote. Nikavua kofia. Nilidhani wanampokea Monsinyori.

Mama Albertine akasema: “Nzambe! Nyoka!”

Wa kijani, mwembamba, anapanda nguzo. Kichwa chake kimeelekea kiota moja kwa moja. Mimi nilichukua hatua haraka: nilipanda juu ya meza iliyoandaliwa kwa sadaka. Mama Albertine akaokota nyundo. Akampiga nyoka. Akamkosa. Akapiga reli.

Reli ya baba haijawahi kulia vile! Akapiga tena, akakosa tena. Tena! Kila pigo nyoka alikwepa na reli ikapokea. Mimi juu ya meza nilikuwa nikimwelekeza: kushoto, mama, juu, mama, sasa kulia! Nikahesabu bila kutaka. La kumi na mbili lilipata reli na mkia wake pamoja, akaanguka, akapotelea kwenye majani ya nyuma, na shore wote wakamsindikiza wakimtukana mpaka uwanja wa mpira.

 Halafu nikasikia, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, ya Tshibangu, ya jirani wa nyuma. Milango inafunguka. Mtaa mzima unainuka. Na jeep ya Monsinyori ikasimama langoni. Saa kumi na moja na nusu kamili, kwa saa yake mwenyewe.

Alisema hajawahi kusikia upigaji wenye moyo namna ile. Kisha akaniona juu ya meza.

Baada ya Misa, Abbé aliuliza, mbele ya watu wote, kwa nini hatukuihamishia reli kwenye nguzo ile nyingine.  Tshibangu na wanaume wawili wakaleta koleo. Dakika kumi. Waya tu. Dorothée aliniangalia muda wote wa dakika hizo kumi.

Tangazo: wapiga reli wa kudumu ni wawili, kwa zamu. Shati ni moja, analivaa mwenye zamu. Limeshonwa kwa kipimo cha Mama Albertine. Nimelijaribu. Mtakatifu wa tumboni ananifika magotini. Ni zuri ajabu.

Mimi nimepewa na zawadi ya pekee, kutoka kwa Abbé, imefungwa kwa karatasi. Saa ya mezani! Ina kengele mbili juu na nyundo ndogo katikati. Watu walipiga makofi marefu. Dorothée alipiga marefu kuliko wote.

Jioni tulipanda juu ya benchi, mimi na Mama Albertine, kwa zamu. Mama Shefu alikuwa ametoka kidogo. Yai moja limepasuka. Kuna kitu chekundu, kipofu, uchi kabisa, mdomo wazi. Mama Albertine akasema anafanana na Tshibangu.

Jumapili, 9 Novemba

Watoto wa Shefu wameruka! Wote wawili. Mmoja aliangukia kwenye karai la unga la Mama Albertine, akatolewa, akapanguswa, akaruka tena. Tulishinda pale asubuhi nzima tukiwatazama. Maandazi nane nilikula.

Na habari njema kuliko zote: Shefu amerudi kwenye mpapai wangu. Leo alfajiri, maneno yale yale matano. Niliketi kitandani nikacheka peke yangu.

Jioni hii nimemwona mkewe na mzizi mdomoni, anaelekea upande wa kibanda cha Mama Albertine. Anafanya mazoezi ya mbawa tu, nadhani.

Kesho ni zamu yangu. Shati limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Nitapiga kumi na mbili, kwa nguvu, na watu waliolala macho wazi watasema kwamba Papa Chrispin yuko mzima. Lazima niwahi. Safari hii sitaki kubahatisha, kwa hiyo nimechukua tahadhari zote. Ile saa ya Abbé ina kelele sana, tik tik tik usiku kucha, dirishani pale pale. Nimeivalisha soksi ya sufu na kuifungia ndani ya debe la unga, isije ikamsumbua Shefu.